Riyali imefungwa, shilingi inaelea: yanayosemwa na yalivyo

Dola ikipanda Tanzania, simu ya ami yangu kutoka Muscat, Oman, haikawii. "Huku riyali moja ni dola mbili na senti sitini, tangu hamjazaliwa. Nyinyi benki kuu yenu inashindwa nini kuifunga shilingi?" Swali lake si la kijinga, ila limebeba dhana kadhaa ambazo nazisikia hata kwa watu wa hapahapa. Kufunga sarafu ni kuiwekea bei moja isiyosogea kwa dola au sarafu nyingine; kuelea ni kuliachia soko lipange bei.

Dhana: Sarafu iliyofungwa haishuki.

Hata hiyo riyali ilishashuka. Januari 1986, mafuta yakiwa yameanza kuporomoka bei, Oman iliishusha kutoka dola 2.895 hadi 2.6008, yaani kama asilimia 10. Tangu hapo haijaguswa, ndiyo maana watu wamesahau.

Mwaka huohuo ulikuwa mzito kwetu pia, na hapa vijana wengi hushangaa: shilingi ya Tanzania nayo iliwahi kufungwa. Ilizaliwa mwaka 1966 ikiwa shilingi 20 kwa pauni ya Uingereza, baadaye ikafungwa kwenye dola, kisha kwenye mchanganyiko wa sarafu. Kufikia miaka ya 1980 dola ilikuwa na bei mbili, ya benki na ya uchochoroni, na ya pili ilikuwa kubwa mara kadhaa. Dola za benki zilikuwa haba, hivyo ziligawiwa kwa vibali. Mwenye kibali alikuwa ameshapata faida kabla hajaagiza hata katoni moja ya sabuni, na sisi wengine tukipanga foleni ya sabuni hiyohiyo. Shilingi ilianza mwaka 1986 ikiwa kama 16 kwa dola na kuumaliza ikiwa zaidi ya 50. Maduka ya kubadilishia fedha yakaruhusiwa mwaka 1992, na soko la fedha za kigeni baina ya mabenki likaanza 1994. Bei ya uchochoroni ilihamia dirishani.

Dhana: Ukihesabu noti nyingi kwa dola moja, uchumi wako ni mbovu.

Yeni ya Japani huenda zaidi ya 100 kwa dola. Tuendelee.

Dhana: Gavana akitaka, anaifunga kesho asubuhi.

Kwanza, si gavana peke yake. Mfumo wa sarafu ni uamuzi wa serikali nzima, na pengine wa serikali mbili. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro moja kwa 491.96775, na nyuma yake imesimama hazina ya Ufaransa.

Pili, kufunga ni ahadi: soko likileta riyali na kutaka dola, lazima zipatikane kwa bei ileile, leo na mwakani. Oman huuza mafuta na gesi kwa dola, na sehemu kubwa ya dola hizo hupitia mikononi mwa serikali. Zetu huja kwa vipande na kwa misimu: dhahabu, watalii, korosho, mizigo ya Kongo na Zambia inayopita bandarini.

Halafu kuna riba. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa vitu ni vitatu: bei ya sarafu isiyosogea, mitaji inayoingia na kutoka bila kizuizi, na riba unayojipangia mwenyewe. Huwezi kuvishika vyote. Marekani ilipopandisha riba mwaka 2022, benki kuu ya Oman ilifuata, biashara za Muscat zipende zisipende. Tanzania imebaki na riba yake. Tangu Januari 2024 Benki Kuu huitangaza waziwazi, na ilianza na asilimia 5.5.

Na mafuta yalipoanguka tena mwaka 2020, riyali haikusogea hata baisa, yaani senti yake. Kilichosogea ni bajeti. Aprili 2021 Oman ikaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na ami anaiona kwenye risiti kila anaponunua.

Dhana: Sarafu ikielea, benki kuu imekaa pembeni, na safari ni ya kushuka tu.

Benki Kuu ya Tanzania huingia kwenye soko la mabenki kuuza au kununua dola pale bei inaporuka kwa pupa. Hununua hata dhahabu ya ndani ili kukuza akiba. Isichofanya ni kuahidi namba.

Kuhusu kushuka, waulize waliokuwa wameficha dola Nairobi mwanzoni mwa 2024. Dola ilifika kama shilingi 160 za Kenya, watu wakiogopa deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni. Februari Kenya ikakopa bilioni 1.5 kulipia sehemu ya deni hilo, hofu ikaisha, na ndani ya wiki chache dola ilikuwa kwenye 130 na kitu. Waliochelewa kuchenji walichenji kwa hasara.

Ami nimemweleza yote haya. Akasema sawa, kisha akauliza leo riyali mia ni shilingi ngapi, maana fundi wa nyumba yake ya Fuoni anataka saruji. Riyali ilikuwa imepanda. Hapo hakulalamika.