Harufu ya plastiki ndani ya Noah: umeme wa gari la familia lililozeeka

Mara nyingi matatizo huanza na redio. Minivani kama Noah, Voxy, Ipsum au Serena iliyotoka Japani inafika Lubumbashi, Kongo, na redio inayoshika FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90, wakati mawimbi ya kwetu yanapanda hadi 108. Mwenye gari anachoka kusikiliza stesheni mbili tu, ananunua redio nyingine. Fundi anaitoa ya zamani, anakuta soketi haziingiani, basi anakata. Nyaya zinasokotwa kwa vidole, zinafungwa utepe mweusi, zinasukumwa nyuma ya dashibodi. Redio inaimba, watoto wanafurahi, na nyaya za kiwandani zilizokaa miaka mingi bila shida zimepata kidonda cha kwanza.

Sisi tunaofundisha umeme wa magari tunaletewa magari ya namna hii kila mara. Papa analalamika kwamba fyuzi zinakatika ovyo, Mama anasema kuna harufu ya plastiki akiwasha feni, na wote wawili wanamaliza kwa neno moja: gari limezeeka. Uzee upo kweli, plastiki ya waya hukauka na kupasuka. Lakini tukifungua dashibodi, sehemu kubwa ya tunachokikuta haikufanywa na Toyota wala Nissan. Ni alamu iliyoungwa kando ya barabara, swichi ya siri ya kuzuia wezi, taa za mapambo, waya wa amplifaya uliopitishwa chini ya zulia bila fyuzi hata moja. Gari linalofika gerejini likiwa na miaka ishirini na nyaya zisizoguswa hutupa kazi ndogo kuliko lenye miaka kumi lililopita mikononi mwa mafundi wanne.

Tuanze na fyuzi. Wengi hudhani iliwekwa kulinda redio au taa. Fyuzi inalinda waya. Kila waya umepimwa kubeba ampea fulani, yaani kiasi fulani cha umeme unaopita. Ukibebeshwa zaidi unachemka, plastiki yake inalainika, shaba inagusa bodi ya gari, na moto unaanza mahali ambapo jicho halifiki. Fyuzi imefanywa dhaifu kwa makusudi ili ikatike kabla ya waya. Ndiyo maana ina rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi nyekundu ikikatika na mtu akachomeka ya kijani “ili isisumbue tena”, kitakachokatika safari ijayo ni waya wenyewe. Wapo wanaoweka karatasi ya kung’aa ya pakiti ya sigara au uzi wa shaba. Hapo ulinzi umekwisha kabisa.

Hesabu yake ni nyepesi: gawa wati kwa volti, utapata ampea. Balbu mbili za mbele za wati 55 kila moja ni wati 110, na kwa volti 12 hiyo ni kama ampea 9. Sasa mtu anayesafiri usiku kwenda Likasi anaona giza limezidi, anaweka balbu za wati 100. Amefika ampea karibu 17, kwa nyaya zilezile na swichi ileile ya kiwandani. Anayetaka mwanga zaidi na aombe rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa, na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye batri, wenye fyuzi yake karibu na batri. Na taa za Japani, kwa kuwa kule wanaendesha upande wa kushoto, zimetengenezwa kuinua mwanga upande huo wa kushoto, ambao kwetu, tunaoendesha kulia, ndio upande wa gari linalokuja. Ukiziongezea wati bila kuzirekebisha unampofusha mwenzako.

Fyuzi ikikatika mara moja, weka nyingine ya kipimo kilekile. Ikikatika tena, iache hivyo na uende kwa fundi. Ya tatu inapoteza muda tu, maana kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na huko ndiko kazi iliko.

Hata hivyo fyuzi haioni kila kitu. Chukua mahali nyaya mbili zilipounganishwa vibaya, au soketi iliyoingiwa na kutu. Ampea zinazopita ni za kawaida, kwa hiyo fyuzi inakaa kimya. Lakini pale penye kiungo kibovu umeme unasukumana kupita na kutoa joto. Ampea 20 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa omu 0.05 tu zinatoa wati 20 za joto mahali padogo kama ukucha. Hilo si mbali na chuma cha kulehemu risasi cha fundi redio, kimelazwa nyuma ya dashibodi saa nzima. Harufu anayoisikia Mama akiwasha feni mara nyingi ni hiyo. Feni ya ndani hula umeme mwingi, na minivani nyingi zina feni mbili, ya mbele na ya abiria wa nyuma. Mwambie fundi atoe soketi ya feni na aitazame: ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka pembeni, kubadilisha feni peke yake hakutasaidia. Soketi nayo ibadilishwe, na viungo vyake vibanwe kwa koleo maalumu au vilehemiwe, kisha vivikwe mpira unaojibana kwa joto. Kusokota kwa vidole hakutoshi, hata fundi akiwa mzee wa kazi.

Kuna ugonjwa mwingine unaowala watu pesa bure: masi mbovu, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya batri kupitia bodi ya gari. Ukikanyaga breki taa ndogo za nyuma zikafifia, au ukiwasha indiketa na taa nyingine zikacheza nayo, usikimbilie kununua balbu. Umeme umekosa njia yake ya kurudi na unatafuta njia kupitia taa nyingine. Ni boliti moja iliyoshika kutu au rangi. Kulipima ni kazi ya dakika chache: injini ikiwa inawaka na taa zote zimewashwa, fundi anaweka ncha moja ya testa kwenye hasi ya batri na nyingine kwenye bodi karibu na taa. Kipimo kikizidi kidogo volti 0.2, masi isafishwe kwa msasa mpaka chuma king’ae, ifungwe, ipakwe grisi juu. Tumeona watu wakibadilisha batri, altaneta na stata kwa mfuatano, na kosa lilikuwa ule waya mmoja kati ya injini na bodi.

Minivani ina udhaifu wake ambao gari dogo halina, nao ni mlango wa kusukuma. Ndani ya mlango huo kuna nyaya za kufuli, za dirisha, na kwenye magari ya hali ya juu za mota inayoufungua. Nyaya hizo hukunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa, na mlango wa gari la watoto watano hufunguliwa sana. Shaba hukatika ndani kwa ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Dalili yake ni kufuli inayokubali leo na kukataa kesho, au taa ya mlango wazi inayowaka barabarani mlango ukiwa umefungwa. Mlango wa nyuma nao uko hivyohivyo: ule mpira wenye mikunjo juu, karibu na bawaba, hubeba nyaya za taa ya namba na waipa, na kwa baadhi ya magari taa ya tatu ya breki.

Mlango huu si jambo la kudharau. Novemba 2016 Toyota iliwaita wamiliki wa minivani zake za Sienna za miaka 2011 hadi 2016, karibu 834,000, wengi wao Marekani, wazilete zirekebishwe. Mlango wa umeme ukizuiliwa kufunguka, mzigo wa mota ungeweza kukata fyuzi wakati kitasa kimeshaachia, na mlango ungeweza kufunguka gari likiwa mwendoni. Kwetu liongeze hili: Noah za kwanza, zile za 1996 hadi 2001, zina mlango mmoja tu wa kusukuma, na uko kushoto. Kongo tunaendesha kulia. Mtoto anayeshuka hapo anashukia katikati ya barabara. Kama kufuli la umeme la mlango huo halitabiriki, lichomoe kabisa, utumie la mkono, na kile kikufuli cha watoto kilicho ukingoni mwa mlango kibaki kimefungwa, mtu mzima afungue kutoka nje.

Kisha kuna vumbi na maji. Kiangazi chetu kinajaza vumbi jekundu kila soketi. Septemba na Oktoba mijakaranda inamwaga maua, yanaingia chini ya waipa na kuziba vitundu vinavyotoa maji pale. Mvua za Novemba zinapofika, maji hayana pa kwenda, yanatafuta njia kuingia ndani, na kwenye magari mengi sanduku la fyuzi liko palepale chini ya dashibodi. Vumbi likilowa linapitisha umeme kidogo kidogo, shaba inageuka kijani. Kabla ya mvua toa hayo majani na maua kwa mkono. Na anayekuoshea injini kwa mashine ya maji mwambie aache.

Mafundi wengine wana dawa moja kwa kila swichi nzito: mafuta ya kupuliza. Oktoba 2012 Toyota iliyaita magari milioni 7.43 duniani yarekebishwe, Vitz zikiwemo, kwa sababu ya swichi ya dirisha la dereva iliyopakwa grisi vibaya kiwandani, na onyo lilitolewa wazi kwamba kupulizia mafuta ya dukani ndani yake kunaweza kuiyeyusha na kuleta moshi, hata moto. Barua za namna hiyo hutumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa, na mmiliki huyo alikuwa Japani. Anayejua kutumia intaneti anaweza kuingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuona kama gari lake liliwahi kuitwa. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu inautafsiri.

Umeme wa nyumbani ukikatika, gari hugeuzwa jenereta. Tundu la kiberiti cha sigara kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 15, yaani kama wati 180. Simu na taa hazina neno. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa batri uwe kama wa nyumbani) ya wati 300 inataka ampea zaidi ya 25, kwa hiyo ifungwe kwenye batri kwa waya mnene wenye fyuzi. Na gari linalokufa usiku bila kuwashwa chochote lipimwe linavuja ampea ngapi likiwa limelala: ampea 0.05 ni kawaida, lakini ampea 1 inaimaliza batri ya ampea-saa 60 kwa siku mbili na nusu. Mara nyingi mvujaji ni ile alamu.

Unaponunua gari, geuza ufunguo bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya batri, ya oili, ya ABS (breki zisizofunga magurudumu) na ya mfuko wa hewa (airbag) zote ziwake, kisha ile ya mfuko wa hewa izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima, maana huenda mtu ametoa balbu ili usijue. Nyaya za mfuko wa hewa zina soketi za njano. Fundi asizichome kwa taa yake ya sindano ya kupimia umeme. Kabla ya kuzigusa atoe hasi ya batri na angoje angalau sekunde 90.

Moshi ukitoka chini ya dashibodi safarini, simama kando, zima ufunguo, toa watoto kwa upande usiopitiwa na magari. Mlango wa umeme ukigoma, mkono wa ndani bado unaufungua, mradi kikufuli cha watoto hakijafungwa. Kikiwa kimefungwa, toka uufungue kwa nje. Kama ni moshi bila mwali, toa hasi ya batri. Kama mwali umeonekana chini ya kapo, usiinue kapo yote, kwa maana hewa itaulisha. Iachie kidogo tu, upulizie kizimamoto cha unga kwenye upenyo, na kama hakizimi rudi nyuma, hasa ukiwa umebeba bidoni la esansi. Kwa Toyota nyingi nati ya batri ni namba 10. Spana hiyo ikae kwenye mfuko wa mlango wa dereva, siyo nyuma chini ya magunia ya makala.