Magunia Thelathini Hayakurejelezwa

Jumamosi iliyopita vijana wa mtaa wetu walizibua mtaro ulio nyuma ya soko. Kazi safi, sina neno. Kufika saa sita magunia yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, wao nyuma yake wakipigwa picha, na bango mbele: "LEO TUMEREJELEZA MAGUNIA 30." Nikamuuliza mmoja wao, niliyemfundisha zamani, magunia yanaelekea wapi.

"Jaa la Dandora, Mwalimu. Lori liko njiani."

Basi yamezolewa. Hayajarejelezwa.

Maana yenyewe ni fupi. Kurejeleza taka ni kuigeuza iwe malighafi tena: inasagwa, inafanywa rojo au inayeyushwa, kisha inaundwa kitu kingine. Isipofika hapo, kuna vitenzi vingine tele.

Neno hili lina ukoo. Shina lake ni rejea, lililotoka kwenye Kiarabu, raja'a, yaani kurudi. Ndilo unalolisikia jirani Mwislamu anapofiwa: inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Rejea huzaa rejelea, kurudi kwenye jambo lililotajwa au kitabu kilichosomwa. Wanafunzi wangu wanaijua kwa sababu ya marejeleo wanayosahau kuandika mwisho wa insha. Tia usababishi upate rejeleza, kukifanya kitu kirudi. Kwa hivyo anayetangaza kwamba "amerejelea taka" ameinukuu tu. Herufi moja, na taka imebaki pale pale.

Kuna na rejesha. Sufuria ya kuazima hurejeshwa kwa mwenyewe ikiwa sufuria. Kinachorejelezwa hakirudi na umbo lake, hurudi kuwa chuma tu, au karatasi tu, ndipo kianze maisha mengine.

Hapo wengi huteleza, hata walio makini. Akala, kwa mfano. Tairi limekatwa likawa kiatu, lakini mpira ni ule ule, na ukigeuza soli utaona mistari iliyokanyaga barabara kabla yako. Huko ni kutumia tena. Koroboi ya nyanya yangu ilikuwa mkebe uliotobolewa kifuniko ukatiwa utambi, nayo ni kutumia tena. Wala si jambo dogo: kisichoyeyushwa hakidai moto wala umeme, na ndiyo maana kutumia tena hutangulia kurejeleza, na kutonunua usichohitaji hutangulia yote mawili. Sasa nenda viwanda vidogo vya Kariobangi, mtaa wa Nairobi. Ndoo na mitungi iliyopasuka husagwa, huoshwa na kuyeyushwa. Alumini kuukuu humiminwa kwenye kalibu ikatoka sufuria mpya. Huko ndiko kurejeleza, na faida yake kwa joto la dunia inahesabika: alumini iliyorejelezwa huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kuitoa kwenye mawe yake.

Na anayeilisha Kariobangi ni nani? Mara nyingi ni yule tunayemwita chokoraa, neno la kuchokora, kufukuafukua kwa kijiti. Tumelifanya tusi. Hana bango, ila chupa aliyoiokota itafika.

Nilifungua gunia moja. Majani ya kabeji, maganda ya ndizi, nepi, chupa za soda, katoni iliyolowa ikawa uji. Katoni hiyo haimfai mtu tena, ilhali asubuhi ilikuwa kavu. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na malori hayajaacha kuingia. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za kuoza. Zikifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 20 hupasha dunia joto mara 80 na zaidi kuliko uzito uo huo wa hewa ya kaboni. Kwa hivyo ganda la ndizi, ambalo hakuna anayelipiga picha, lina deni kubwa kuliko tunavyodhani. Likiwekwa kando likaozeshwa penye hewa, linakuwa mbolea. Kitendo hicho kinaitwa kutenga, na sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inakidai: za kuoza kando, zisizooza kando.

Nilimwambia yule kijana haya yote, kwa ufupi kuliko hapa. Akalitazama bango, akauliza kama kuna kalamu ya wino mzito. Nilikuwa nayo. Tukakata "TUMEREJELEZA", tukaandika "TUMEZOA" juu yake. Neno la kwanza bado linasomeka chini ya mistari. Jumamosi ijayo wakitenga, na gunia la chupa likafika Kariobangi, nitawashikia bango jipya mimi mwenyewe.