Maltipleksi: kwa nini saa ya LED huwasha tarakimu moja moja

Saa ya LED ikionyesha 12:47, utaapa kwamba tarakimu zote nne zinawaka. Katika saa nyingi za kujiundia, inayowaka ni moja tu. Zinapokezana zamu upesi mno hata jicho lisiwahi kuliona giza la katikati, na mbinu hiyo ndiyo maltipleksi.

Chanzo chake ni uhaba wa pini, yaani miguu ya chipu ya kuunganishia nyaya. Tarakimu moja ina vijiti saba vya taa pamoja na nukta, yaani LED 8. Tarakimu nne zina LED 32, ilhali mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ATmega328P, inayotumiwa sana na wanaoanza, ina pini 23 tu za kuingiza na kutoa. Basi vijiti vinavyolingana vya tarakimu zote huunganishwa pamoja kwenye pini 8, na pini nyingine 4 huchagua tarakimu ya kuwaka. Jumla 12, na za vitufe vya kurekebishia saa zinabaki.

Kazi ya programu ni kuzima tarakimu iliyopo, kuandaa umbo la namba inayofuata, kuwasha tarakimu yake, kungoja milisekunde 2, na kurudia. Ukibadili umbo kabla ya kuzima, kivuli hafifu cha namba kitaangukia jirani yake.

Ugumu uko kwenye kungoja. Amri ya kawaida ya kungoja huisimamisha programu yote: ukiitumia kuhesabu sekunde nzima, zamu zinakwama na tarakimu moja inabaki ikiwaka peke yake. Hapa ndipo mwanafunzi anapoanza kujifunza mikrokontrola hasa, maana dawa ni taima ya ndani. Yenyewe huhesabu mapigo ya kristali, kijiwe kinachotetemeka kwa kasi isiyobadilika, na kila milisekunde 2 huikatiza programu ili zamu ibadilike, kisha kazi huendelea ilipoachiwa. Kila tarakimu huwaka mara 125 kwa sekunde, bila kupepesa. Tena makatizo 500 ni sekunde kamili, kwa hiyo taima hiyohiyo inahesabu saa.

Mwanga hupungua, kwa kuwa kila tarakimu huwaka robo tu ya muda. Rezista, yaani vipunguza mkondo wa umeme, ziwekwe moja kwa kila kijiti. Ukiweka moja kwa tarakimu nzima, 1 itang'aa kuliko 8. Na pini ya kuchagulia tarakimu isibebeshwe mzigo wote: vijiti 8 vya miliampia 10 ni miliampia 80, na kikomo cha pini ya ATmega328P ni 40. Weka transista, swichi ya kielektroniki, ibebe mzigo huo.