Je, wajua? Aliyekiri kosa bado anaweza kukata rufaa

Kwenye korido za Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ni kawaida kusikia ndugu wa mfungwa mpya wakiambiana: "Si alikiri mwenyewe? Rufaa ya nini tena?" Wamepatia nusu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwenye kifungu kilichozoeleka kama cha 360, inamnyima rufaa mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini kwa kukiri kwake, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Wengi huishia kusoma hapo.

Chukua risiti ya Kariakoo yenye muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Ukinunua redio ukaichoka, muhuri unakubana. Ukifungua boksi ukakuta tofali, haukubani, maana redio haikuuzwa kamwe. Kukiri nako hukaguliwa hivyo. Katika shauri la Laurent Mpinga la 1983, Mahakama Kuu ilitaja matofali manne: kukiri kwenye utata au kusikokamilika, kukiri kwa makosa au kutoelewa, hati ya mashtaka isiyoonyesha kosa lolote la kisheria, na maelezo ambayo, hata yakikubaliwa yote, hayawezi kumtia mtu hatiani.

Tofali la kwanza ndilo lenye vituko. Mshtakiwa wa wizi anajibu: "Ni kweli simu niliichukua, nilijua ni yangu." Anayemsikia atasema amekiri. Kisheria amekana, kwani wizi unahitaji nia ovu, na hakimu anapaswa kuandika kuwa amekana ili kesi isikilizwe. Ndiyo maana tangu shauri la Adan la 1973 hakimu hutakiwa kueleza kila kiungo cha kosa, yaani kila jambo linalolifanya liwe kosa, kuandika jibu kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe, kisha kumuuliza kama anayakubali maelezo ya upande wa mashtaka.

Tahadhari: kusema tu "sikuelewa" ukiwa tayari gerezani hakutoshi. Majaji husoma kumbukumbu za kesi, na zikiwa safi rufaa hutupwa. Makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019, yana njia yake: aliyeingizwa humo bila hiari au kwa kupotoshwa huiomba mahakama ile ile iliyomhukumu iyatengue.

Kwa rufaa ya kawaida kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu.