Mvua ya Manchester na Moshi Ulioachwa

Mimi ni mkemia wa hewa, na ninapoulizwa ni lini madhara ya moshi wa viwanda yalianza kujulikana kwa vipimo, hutaja Manchester, mji wa Uingereza uliotajirika kwa viwanda vya pamba vilivyoendeshwa kwa makaa ya mawe. Mwaka 1852 Robert Angus Smith, mkemia mzaliwa wa Scotland, alichapisha matokeo ya kupima mvua ya mji huo. Mashambani alikuta kaboneti ya amonia, viungani salfeti ya amonia (chumvi inayotokea amonia inapokutana na asidi ya salfa), na katikati ya mji asidi ya salfa yenyewe, itokanayo na salfa iliyomo katika makaa ya mawe. Mpangilio huo unanivutia hadi leo, kwa kuwa unaonyesha jinsi amonia, gesi ya kialkali, inavyoipunguza makali asidi mpaka, karibu na mabomba ya moshi, amonia hiyo inazidiwa. Smith alieleza pia kwamba asidi hiyo ilifubaza rangi za vitambaa na kuzitia metali kutu. Yaani mji uliokuwa ukiishi kwa nguo ulikuwa ukiziharibu nguo zenyewe.

Sheria ilikuja mwaka 1863, lakini iliwalenga watengenezaji wa magadi, ambao walichanganya chumvi na asidi ya salfa na kuachia hewani gesi ya asidi hidrokloriki. Walitakiwa kunasa asilimia 95 ya gesi hiyo, na Smith ndiye aliyeteuliwa kuwa mkaguzi wa kwanza. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu gesi hiyo huyeyuka upesi katika maji: ilipandishwa ndani ya mnara uliojazwa koki (makaa ya mawe yaliyokwisha kuokwa), huku maji yakitiririka kutoka juu.

Moshi wa makaa ya mawe haukuwa na dawa rahisi kama hiyo. Ulitoka kiwandani na pia sebuleni, watu walikoota moto, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanasiasa walipoingiwa na woga, maana hata sheria ya mwaka 1926 iliyaacha meko ya nyumbani. Ilibidi ukungu wa moshi wa Desemba 1952 uue maelfu ya watu London ndipo sheria ya mwaka 1956 ikaruhusu meko hayo nayo yadhibitiwe.

Hata hivyo, sheria hiyo ilishughulikia zaidi masizi kuliko salfa. Mabomba marefu ya vituo vya umeme yaliipeleka salfa mbali, ikachangia kutia asidi maziwa ya Norway na Sweden, na mwaka 1979 mataifa ya Ulaya na Amerika Kaskazini yakatia saini mkataba huko Geneva kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka.