Je, wajua bakteria hutema fosforasi kwanza ndipo waivute?

Naitrojeni na fosforasi zikibaki kwenye majitaka, zinakwenda kurutubisha mwani mtoni au ziwani. Ndiyo maana mitambo huzitoa, mara nyingi kwa kutumia bakteria. Nami kwa muda mrefu niliamini bakteria hao "huzila" zote mbili zikaisha.

Kwa naitrojeni sikuwa mbali na ukweli. Kundi moja, likipewa hewa, hugeuza amonia kuwa naitraiti kisha naitreti. Kundi jingine, likinyimwa hewa, hupumua kwa oksijeni iliyofungwa ndani ya naitreti, na kinachobaki ni gesi ya naitrojeni. Inapanda kwa viputo, inarudi angani ambako tayari ni asilimia 78 ya hewa. Imekwenda zake.

Fosforasi haina mlango huo. Haigeuki gesi, basi haiishi: inabebwa tu. Kinachoondolewa mtamboni ni bakteria wenyewe, wakichotwa kama tope pamoja na mzigo wao. Na hapo nilikosea mara ya pili, maana nilidhani ukitaka wabebe zaidi unawaongezea hewa tangu mwanzo. Kumbe wanaanza kwa kunyimwa. Ukipima maji ya tangi la kwanza, lisilo na oksijeni wala naitreti, utadhani mtambo umeharibika: fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka, inapanda!

Siri ni betri. Ndani ya bakteria huyu mna minyororo ya fosfeti, na kila pingili ikikatwa hutoa nishati. Tangini mna chakula kitamu, asidi ya siki na jamaa zake, ila bila oksijeni majirani wengi hawakiwezi. Yeye anakata pingili, anatumia nguvu hiyo kukiingiza chakula ndani na kukiweka akiba, huku fosfeti ikimwagika nje. Betri imeisha, ghala limejaa.

Tangi la pili lina hewa, lakini chakula majini ni haba. Majirani wanahangaika; yeye anachoma akiba yake, anazaana, na kuchaji betri yake pamoja na za wanawe. Kwa kuwa betri sasa ni nyingi kuliko zilizoingia, fosfeti inayovutwa inapita ile iliyotemwa. Bakteria wa kawaida ana fosforasi kama asilimia 2 ya uzito wake mkavu; tope la hawa linaweza kupita 5.

Lakini tusijiamini mno. Mwenye sifa hizi anayetajwa zaidi, Accumulibacter, hukuzwa maabara akiwa kwenye mchanganyiko tu, si peke yake. Na katika mitambo halisi kuna jamaa za Tetrasphaera, wakati mwingine wengi kuliko yeye, ambao nao hubeba fosforasi lakini akiba yao ya chakula haifuati sawasawa hesabu hii ya betri.

Tope lenyewe huchotwa likiwa limetoka kwenye hewa, betri zimejaa. Likiachwa limetuama kwa muda, oksijeni inakwisha, pingili zinaanza kukatwa tena, na fosfeti inarudi majini.