Majengo ya Makaisari wa Roma: Kilichosalia, Kilichobomolewa na Adhabu ya Kuyaharibu

Tangu Italia ilipopitisha Sheria Namba 6 ya tarehe 22 Januari 2024 kuhusu uharibifu wa malikale, kitengo chetu cha elimu kimekuwa kikipokea maswali kutoka kwa wasomaji wa Kiswahili, hasa wanafunzi walioko Ulaya na wasafiri wanaopitia Roma, wanaoshangaa kwamba mtu anaweza kutozwa maelfu ya euro kwa kukwaruza jina lake ukutani. Wengi huuliza kwa nia njema. Wachache hutuandikia kwamba gofu ni gofu tu, na kwamba ukuta uliodumu karibu miaka elfu mbili hauwezi kudhurika kwa ncha ya ufunguo. Hao wa pili wanisamehe iwapo nitajibu kwa ukali kidogo.

Dhana kwamba majengo haya yamejidumisha yenyewe si sahihi. Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho ulioko Roma, ambao Kaisari Vespasian alianza kuujenga mwanzoni mwa miaka ya 70 na mwanawe Titus akauzindua mwaka 80 BK, una urefu wa mita 189 na upana wa mita 156, na ukuta wake wa nje unakaribia mita 50 kwenda juu. Ulijengwa mahali palipokuwa na ziwa la kuchimbwa katika kasri la Nero, kaisari aliyemtangulia, jambo lililokusudiwa kuwaonyesha Warumi kwamba ardhi aliyojitwalia kaisari mmoja imerudishwa kwa umma. Anayesema kwamba Nero ndiye aliyeujenga, na bado wapo wanaosema hivyo, amekipindua kisa chote. Mawe makubwa ya kuta zake hayakugandishwa kwa chokaa, bali yalishikwa kwa vibanio vya chuma, na katika Zama za Kati watu waliokihitaji chuma hicho waliyatoboa mawe ili kukichomoa. Hayo ndiyo matundu yanayoonekana hadi leo, ambayo tunaulizwa mara kwa mara kama ni ya risasi. Si ya risasi. Tetemeko la mwaka 1349 liliangusha sehemu kubwa ya upande wa kusini, mawe yaliyoanguka yakabebwa kujengea makanisa na majumba ya wakubwa, na marumaru nyingi ikaishia kwenye tanuri za chokaa. Ncha za ukuta wa nje uliobaki zimeegemezwa kwa mihimili iliyojengwa katika karne ya 19; bila mihimili hiyo ukuta wenyewe ungekuwa hatarini kuporomoka.

Pantheon, hekalu la kale la Roma, umehifadhika vizuri zaidi kwa sababu inayoeleweka: haukuachwa bila matumizi. Mwaka 609 ulifanywa kanisa, na jengo lenye waumini hupata mtu wa kuziba paa linapovuja. Maandishi ya mbele yanasema kwamba Marcus Agrippa ndiye aliyeujenga, na wengi huishia hapo. Lakini jengo la Agrippa liliungua, na lililopo sasa ni la enzi ya Kaisari Hadrian, ambaye aliamua kulirejesha jina la mjenzi wa kwanza. Mihuri iliyogongwa kwenye matofali ndiyo iliyowawezesha wataalamu kuubaini umri wake halisi.

Kuba lake lina kipenyo cha mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu ni hichohicho. Limemiminwa kwa zege lisilo na nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba kubwa zaidi la aina hiyo duniani. Siri yake imo katika mchanganyiko. Chokaa ilichanganywa na majivu ya volkano, ambayo hufanya zege ligande kwa nguvu hata penye maji, na kokoto zilichaguliwa kwa uzito wake: chini nzito, juu nyepesi, hadi kufikia mawe ya volkano yenye vitundu kama sifongo. Unene wa kuba nao hupungua kutoka karibu mita 6 kwenye kitako hadi karibu mita 1.2 kandokando ya tundu. Ndiyo, mvua huingia kupitia tundu hilo. Sakafu ina matundu ya kupitishia maji. Nguzo 16 za ukumbi wa mbele ni za graniti iliyochongwa Misri na kusafirishwa kwa mto na bahari, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 12.

Tao la Septimius Severus, kaisari aliyezaliwa Leptis Magna katika nchi inayoitwa Libya leo, lilisimamishwa mwaka 203 kumsifu yeye na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Baba alipofariki, Caracalla alimuua nduguye na kuamuru jina lake lifutwe kila mahali. Kwenye tao hilo jina liliondolewa na nafasi yake ikajazwa maneno mengine ya sifa, lakini matundu yaliyoshikilia herufi za kwanza za shaba hayakuzibika, na kwa hiyo wataalamu wameweza kulisoma jina lililofutwa. Mgeni aliyekwaruza juu ya matundu ya namna hiyo hakuchafua jiwe tu, ameharibu ushahidi usio na nakala.

Kuhusu adhabu, naomba tuelewane vizuri, kwa kuwa hapa ndipo upotoshaji ulipo mwingi. Sheria ya 2024 imeweka faini ya kiutawala ya euro 20,000 hadi 60,000 kwa anayebomoa au kuharibu mali ya kiutamaduni, na euro 10,000 hadi 40,000 kwa anayeichafua, kuichora au kuitumia kwa namna isiyoifaa. Faini hutolewa na mkuu wa serikali wa mkoa ambamo kosa limetendeka, na fedha zake huelekezwa katika ukarabati. Mtuhumiwa anaweza kulipa kiasi kilichopunguzwa ndani ya siku 30 tangu akabidhiwe taarifa ya kosa, isipokuwa kama amewahi kutumia nafuu hiyo katika miaka mitano iliyotangulia. Faini hiyo haiondoi mashtaka ya jinai, ambayo kwa uharibifu yanaweza kuleta kifungo cha miaka miwili hadi mitano, na kwa kuchafua au kuchora miezi sita hadi miaka mitatu, pamoja na faini ya mahakama. Sheria inaelekeza tu kwamba kilicholipwa upande mmoja kizingatiwe upande wa pili. Kuokota kipande cha tofali kuwa ukumbusho ni kosa jingine kabisa, wala si dogo.

Tumeulizwa pia kama haya yote yanamhusu Mwafrika. Mfano mmoja unatosha. Makaisari, tangu Augustus anayetajwa katika Injili ya Luka, walihamisha minara ya mawe kutoka Misri na kuisimamisha Roma kuwa alama ya ushindi. Mussolini, dikteta wa Italia aliyezindua mwaka 1932 barabara pana iliyopasua katikati ya viwanja vya kale vya makaisari, aliuiga utaratibu huo: mwaka 1937 mnara wa Axum, wenye urefu wa mita 24, ulitolewa Ethiopia na kupelekwa Roma. Ulirejeshwa mwaka 2005 kwa vipande vitatu na kusimamishwa tena Axum mwaka 2008. Anayedhani kwamba majengo ya makaisari ni mapambo ya postikadi hajajiuliza kwa nini watawala wa baadaye waliyang'ang'ania kiasi hicho.

Kwa wanaosafiri: tiketi ya Colosseum hutolewa kwa jina, nalo lazima lilingane na la pasipoti, hata herufi iliyokosewa huleta usumbufu mlangoni. Picha za matumizi binafsi zinaruhusiwa bila malipo. Picha za biashara zinahitaji kibali cha maandishi, kinachoombwa kabla ya safari na si baada ya kufika. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi kurushwa juu ya eneo hilo bila idhini. Kuchora kwa penseli kwenye daftari lako hakuhitaji kibali chochote.